Tahadhari Kuhusu Mwuzaji wa Safari za Aberdare

Ndugu wasomaji, kuna mtu anayetangaza katika makundi ya WhatsApp ya hapa Nairobi safari ya siku moja kwenda milima ya Aberdare kwa shilingi 4,500 kila mtu, akidai kuwa bei hiyo inajumuisha usafiri, kiingilio cha hifadhi na chakula cha mchana. Mimi na wenzangu tulimlipa, na tulichopata ni usafiri tu. Jina lake silitaji kwa kuwa suala tumelifikisha polisi, lakini mwenendo wake unatosha kumtambulisha.

Njia anayoitangaza ni nzuri kweli, na hapo ndipo anapowanasa watu. Gari huacha barabara ya Nakuru pale Flyover na kushika ya Njabini, milima ikiwa upande wa kulia na mashamba ya viazi na kabeji ya Kinangop yakienea pande zote. Picha anazotuma ni za maporomoko ya Karuru, yenye urefu wa mita 273, ambayo yamo ndani ya hifadhi. Asichokisema ni kwamba barabara za humo, hasa wakati wa mvua, zinahitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, ilhali yeye alituletea matatu ya kawaida.

Tulipofika lango la Mutubio, dereva alianza kutudai pesa taslimu za kiingilio. Askari wa lango alitufahamisha, kwa upole, kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, na hakuna aliyekuwa ametulipia. Dereva alikiri kwamba yeye alikodishwa tu na kuagizwa kukusanya pesa hizo. Mwuzaji mwenyewe alipopigiwa simu, hakupatikana.

Hotelini Njabini, ambako tuliahidiwa kwamba chakula kimeshaagizwa, mama mwenye hoteli alilifungua daftari lake la oda, akapitisha kidole ukurasa mzima, akatikisa kichwa. Alitupikia hata hivyo. Mukimo wake wa majani ya malenge na nyama ya kondoo vilistahili safari hiyo (hili nalisema kwa haki yake), ila tulivilipia kutoka mifukoni mwetu.

Dalili zilikuwepo mapema. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina la mtu binafsi badala ya kampuni, na alipoulizwa alijibu kwamba till ya ofisi, yaani nambari ya malipo ya biashara, ina hitilafu. Alipoombwa leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo Sheria ya Utalii ya 2011 inawataka waandalizi wa safari kuwa nayo, alituma picha yenye ukungu isiyosomeka hata tarehe. Anayekusudia kusafiri na mwandalizi yeyote na adai leseni inayosomeka, apige simu hotelini kuthibitisha oda, na aombe risiti ya eCitizen kabla gari halijaondoka mjini.

Mtu huyo bado anapokea malipo ya safari za mwezi ujao. Waliokwisha kumlipa wasifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo yao naye. Waende navyo kituo cha polisi kilicho karibu, waandikishe ripoti na kuchukua nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), kisha waiarifu Safaricom mara moja, kwani pesa zikishatolewa kwa wakala huwa vigumu mno kuzirejesha.