LED za dashibodi kwa Land Rover 109: ipi ichukue kwanza, ipi iache dukani

Wakuu, nianze na hili kabisa, kwenye gari la zamani LED nzuri sio ile inayowaka kuliko zote, ni ile inayokufanya usome geji ya temperecha usiku bila kuinama. Pikapu ya mzee wetu, 109 Series III ya petroli, nusura iue injini njia ya Handeni kwa sababu hiyo tu. Usiku, mlima, geji ipo hapo mbele yangu lakini balbu yake imebaki na mwanga wa kibatari, nimekuja kushtuka na harufu ya rejeta ndio nikasimama, gari limeshachemsha. Toka siku ile nimenunua taa za kila aina, nyingine nimezitupa, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Kabla hujatoa hela, toa balbu moja kwenye gari uende nayo dukani. Ukifika maduka ya spea ya Gerezani, Dar, ukasema tu "nataka LED za Land Rover" utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Series II na IIA, zile zenye geji katikati ya dashibodi, nyingi zinatumia kabalbu kadogo ka skrubu kanaitwa E10, wati 2.2. Magari ya Kijapani na pikapu za Kimarekani mara nyingi ni za kuchomeka, T10 kwenye geji kubwa na T5 kwenye vitaa vidogo, namba hiyo ni unene wa balbu yenyewe kwa milimita. Wamarekani hiyo T10 ya kuchomeka wanaiita 194, ukikuta pakiti imeandikwa hivyo usiiache, inaingia holda ile ile. Halafu kuna BA9s, ya kukandamiza na kugeuza, ina vipini viwili pembeni. Na kwa vile magari haya yamepita kwa mafundi wengi, unaweza kukuta holda za aina mbili kwenye dashibodi moja, kwangu ilikuwa hivyo, ndio maana nasema toa uone.

Angalia na volti. 109 ni volti 12, lakini malori mengi ya dizeli ni 24, na hata Land Cruiser za zamani za dizeli zipo za 12 na zipo za 24. Kumbuka pia gari la volti 12 likiwa linachaji linafika 14 na ushee, sasa LED ya bei chee ambayo ndani ina kirizista tu (kidude cha kupunguza umeme) imepimwa kwa 12 kamili, inapokea mzigo ambao haikutengenezewa, inaanza kupepesa na baada ya miezi michache imekufa. Tafuta iliyoandikwa volti 10 hadi 30, maana yake ndani ina kisaketi cha kutuliza umeme.

Lingine ni chanya na hasi. Balbu ya waya, ile ya zamani yenye kawaya kanakowaka ndani, haijali umeme unaingia upande gani, LED inajali. Za kuchomeka ukizikuta haziwaki unachomoa unageuza basi, lakini ya skrubu na BA9s huwezi kugeuza. Na 109 za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani chanya ndio imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, kwa hiyo kama gari lako ni la umri huo na halijabadilishwa, LED ya kawaida ya skrubu haitawaka hata ufanye nini. Chukua isiyochagua upande.

Sasa nipange.

Namba moja kwangu, na naiweka mbali na nyingine zote, ni LED nyeupe ya joto, ile ya rangi ya balbu ya zamani, kwenye pakiti inaandikwa 2700K au 3000K, yenye vichipu pembeni kuzunguka pande zote na isiyochagua chanya na hasi. Hiki cha vichipu kuzunguka ndicho watu wanakiruka. Geji ya zamani ilitengenezwa kwa balbu inayomwaga mwanga kila upande, mwanga unagonga kuta za ndani zilizopakwa nyeupe halafu ndio unarudi kwenye maandishi. Ukiweka LED yenye kichipu kimoja mbele, mwanga unakwenda moja kwa moja kama tochi, unapata doa kali sehemu moja na namba za upande wa pili giza, yaani unaona nusu ya spidomita. Bei yake ni mara mbili au tatu ya zile za kawaida lakini dashibodi nzima ni balbu tano sita tu, lipa.

Namba mbili ni LED ya rangi, lakini kwa sehemu yake. Taa ya oili yenye kioo chekundu weka LED nyekundu, ya fulu (taa kubwa za mbele) yenye kioo cha bluu weka ya bluu au nyeupe, ya kijani weka ya kijani. Nyeupe ya baridi nyuma ya kioo chekundu inatoa kama pinki, na taa ya oili inatakiwa ikushtue. Na kama geji zako zina kikofia cha kijani juu ya balbu, LED ya kijani inapita vizuri kuliko nyeupe. Kupaka dashibodi nzima bluu au nyekundu siungi mkono, macho yanachoka na sindano inapotea.

Namba tatu naweka balbu mpya ya waya, ile ile ya zamani. Najua mtu amekuja kutafuta LED lakini lazima niseme ukweli, magari mengi yenye dashibodi hafifu shida sio balbu, ni kutu kwenye holda na athi mbovu, yaani pale umeme unaporudi kwenye bodi. Balbu mpya ya wati 2.2 kwenye holda safi inashinda LED mbovu kwenye holda yenye kutu, na ni bei ya soda. Umeme utakaouokoa kwa LED ni mdogo, balbu tano za wati 2.2 ni wati 11, haifiki hata ampia moja, kwa hiyo usibadilishe kwa sababu ya betri. Badilisha kwa sababu ya kuona, kwa sababu ya joto, maana balbu ya waya inakausha holda na plastiki mpaka vinapasuka, na kwa sababu LED nzuri haikatiki waya ndani kwa mitikisiko, na 109 inatikisa jamani.

Nne ni nyeupe ya baridi, ile ya 6000K iliyojaa kila duka. Inawaka, sikatai. Ila kioo cha mbele cha 109 kimesimama wima na kipo karibu, ule mwanga wa kibluu unarudi kwenye kioo na wewe unaendesha barabara ya vumbi bila taa za barabarani, unajikuta unaiona dashibodi kuliko barabara. Kama ndio pekee umepata, chukua yenye nguvu ndogo kabisa.

Ambazo usinunue kabisa ni zile T10 ndefu zenye vichipu kibao zimeandikwa canbus. Hizo ni za magari ya kisasa yenye kompyuta inayokagua balbu, wameziwekea rizista za kula umeme makusudi ili kompyuta idhani ni balbu ya kawaida, matokeo zinapata moto. 109 haina kompyuta ya kudanganya, utabaki na joto tu ndani ya geji ya miaka arobaini na kitu. Na tepu za LED za kubandika pia hapana, gundi inaachia kwa joto la mchana, waya unaning'inia.

Hapa ndipo nilipoumia. Taa ya chaji, ile nyekundu inayozima gari likishawaka, usiibadilishe. Series III ilikuja na alternata, ile mashine ya kuchaji betri, na umeme unaopita kwenye ile balbu ndio unaiamsha alternata ianze kuchaji. LED inapitisha umeme kidogo mno. Mimi nilibadilisha zote kwa raha zangu, dashibodi ikapendeza, siku ya tatu betri chini, fundi akanibadilishia kikatauti, kile cha kudhibiti chaji, betri ikalala tena, mpaka nilipokaa mwenyewe na mita nikaona alternata haichaji mpaka nikanyage mafuta sana. Nikarudisha balbu ya wati 2.2, shida ikaisha hapo hapo. Kama lazima uweke LED, funga rizista ya omu 68 ya wati 5 sambamba nayo, na iwe mbali na plastiki maana swichi ikiwa oni bila injini inapata moto. Wenye 109 za zamani zinazochaji kwa dainamo badala ya alternata hili haliwahusu, taa yao inaonyesha tu.

Indiketa nayo, magari yenye kitaa kimoja tu cha kijani kwa kulia na kushoto, umeme unapita huku na huku, LED ya kawaida itawaka upande mmoja tu. Hapo pia chukua isiyochagua upande. Na ndugu zetu wa Marekani wenye Ford F-100 na Chevrolet C10, ile swichi ya kuzungusha kupunguza mwanga haitazishusha LED vizuri, acha balbu moja mbili za waya kwenye laini hiyo au nunua dima ya LED.

Siku ya kufunga toa waya wa betri kwanza, spidomita ya 109 ina kebo nyuma usiivute kwa nguvu. Piga holda msasa laini, safisha athi mpaka chuma king'ae. Kama una uvumilivu fungua geji uangalie rangi nyeupe ya ndani, kwangu ilikuwa imegeuka kahawia kama chai, nilipaka nyeupe upya na mwanga ukaongezeka hata kabla sijaweka LED. Jaribu kila moja kabla hujarudisha skrubu za dashibodi. Na nunua mbili za ziada kwenye pakiti ile ile siku ile ile, maana ukirudi mwezi ujao weupe wake hautafanana na utakuwa na geji moja ya rangi nyingine.