Pray As You Go, Sacred Space na Hallow: ipi inakuachia ukimya wakati wa Kwaresima?

Programu za sala kwa kawaida husifiwa kwa wingi wa yaliyomo: rekodi ngapi, nyimbo ngapi, mipango mingapi ya siku 40. Kwa mtu anayetaka kutumia Kwaresima kutulia na kusali kimya, wingi huo haumsaidii kitu. Cha kuuliza ni hiki: katika dakika kumi na mbili ulizoitengea programu, dakika ngapi hakuna anayekusemesha? Na sala ikiisha, inakuacha uende zako au inakuvuta ubaki kwenye simu? Kwa maswali hayo mawili tumezipima tatu: Pray As You Go na Sacred Space, zote za Wajesuiti, shirika la watawa wa Kanisa Katoliki, na zote za bure, na Hallow ya Marekani, ambayo sehemu kubwa ya yaliyomo ni ya kulipia.

Tuanze na Pray As You Go, kwa kuwa ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, ingawa si jinsi ilivyo.

Wajesuiti wa Uingereza waliianzisha mwaka 2006 kama rekodi ya MP3 ya kila siku kwa watu waliokuwa njiani kwenda kazini. Kipindi kimoja huchukua kati ya dakika 10 na 13. Kuna kimoja kwa kila siku ya Jumatatu hadi Ijumaa, na kimoja kwa mwisho wa juma. Mpangilio haubadiliki sana: wimbo au muziki wa kukutuliza, somo mojawapo la Misa ya siku, maswali mawili matatu ya kutafakari, somo lile lile likisomwa tena, mwaliko wa kuzungumza na Bwana kwa maneno yako, kisha Atukuzwe Baba. Ubora wake umo katika kusoma mara mbili. Mara ya kwanza sikio hufuata habari: nani alikwenda wapi, nani alisema nini. Mara ya pili habari unaijua tayari, kwa hiyo neno moja au tendo moja linapata nafasi ya kukugusa. Namna hii ya kusali ilifundishwa na Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, na wanaoiandaa programu wanaijua vizuri. Maswali yao hayalazimishi jibu, wala hayageuki kuwa mahubiri.

Kasoro yake ni kwamba vituo vya ukimya ni vifupi mno. Swali linaulizwa, zinapita sekunde chache, mara nyingi zikiwa zimejazwa muziki, na sauti inarudi kabla hujaanza hata kujibu. Sababu inaeleweka: programu ilitengenezwa kwa msikilizaji anayetembea au aliyekaa kwenye treni, na ukimya wa dakika mbili masikioni mwake ungemfanya adhani rekodi imekatika. Wewe uliyekaa kwenye kiti chumbani huna shida hiyo, hivyo jikatie ukimya mwenyewe. Simamisha rekodi mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya somo la kwanza, kabla maswali hayajaanza. Mara ya pili ni baada ya somo kurudiwa, kabla ya Atukuzwe Baba. Usisimamishe katikati ya maswali, kwa sababu hapo akili itakaa inasubiri swali linalofuata.

Tumia hedifoni ya waya yenye kitufe. Ukikibonyeza mara moja rekodi inasimama, ukikibonyeza tena inaendelea, na macho hayaendi kwenye skrini hata mara moja. Ukitumia zisizo na waya, zichaji usiku, maana nyingi hutoa mlio au sauti ya kutangaza kuwa chaji inakwisha, na tangazo hilo huja katikati ya Injili.

Rekodi ni za Kiingereza, kwa lafudhi ya Uingereza. Wapo wanaofuata Kiingereza ofisini bila taabu lakini hawawezi kusali kwa lugha hiyo, na hilo ni jambo la kweli kabisa. Dawa yake ni nzuri kuliko inavyoonekana: weka Misale ya Waamini, kitabu chenye masomo ya Misa za kila siku, magotini, imefunguliwa siku hiyo hiyo. Masomo ya siku za kawaida za Kwaresima hayabadiliki mwaka hadi mwaka, kwa hiyo Misale ya zamani ya nyumbani inatosha. Ni Jumapili tu ambazo masomo yake huzunguka kwa miaka mitatu, iitwayo A, B na C, na Kwaresima ya 2027 iko katika mwaka B. Sikiliza somo mara ya kwanza kwa Kiingereza. Linapofika mara ya pili, simamisha rekodi ulisome mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, midomo ikitembea. Angalia mwanzoni mwa kipindi wanasoma nini, maana siku nyingine huchagua somo la kwanza au zaburi badala ya Injili. Walutheri na Waanglikana wanaweza kuitumia bila tatizo, ila pale masomo yasipolingana na kalenda yao, Biblia ndiyo ikae magotini.

Kuhusu bando: dakika 12 za sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takribani MB 11 na nusu. Juma zima la vipindi sita linakaribia MB 70. Kwaresima yote, kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, ni vipindi kama 40, yaani karibu MB 460. Programu inaruhusu kupakua na kusikiliza bila intaneti, kwa hiyo pakua vya juma zima mara moja mahali penye Wi-Fi. Faida kubwa zaidi hapa si fedha. Rekodi iliyokwisha kupakuliwa inakuwezesha kuweka simu katika hali ya ndegeni, na bila hatua hiyo maneno yote kuhusu utulivu ni bure. Ujumbe mmoja wa WhatsApp hauhitaji kufunguliwa ili kuharibu sala. Mtikisiko tu mezani unatosha, kwa kuwa akili inaanza kukisia ni nani. Jaribu usiku uliotangulia: washa hali ya ndegeni, cheza sekunde kumi za kipindi cha kesho. Kisipocheza, hakijapakuliwa, na ni afadhali ujue usiku kuliko alfajiri.

Simu yenyewe iweke kifudifudi, mbali na mkono. Waya wa hedifoni hufika kiasi cha mita moja, na umbali huo unatosha kuiweka kwenye stuli pembeni au sakafuni. Kwa vituo vya ukimya weka kipima muda chenye mlio mpole. Bila hicho utakuwa unafungua jicho kuangalia saa kila baada ya sekunde arobaini, na ukimya hautapata muda wa kushika.

Kuhusu mahali na saa, programu haiwezi kukusaidia, na ndipo wengi wanaposhindwa. Kwenye nyumba ya kupanga ambako redio ya jirani inasikika ukutani, saa ya kuaminika ni kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya watoto kuamka na ndoo kuanza kugongana bombani. Kaa kwenye kiti cha kawaida chenye mgongo, hata cha plastiki, nyayo zote mbili chini, mikono juu ya mapaja. Kitandani usikae hata kama chumba ni kimoja. Mwili unakijua kitanda kwa kazi moja, na dakika ya nne utakuwa umelala. Anayesali usiku asali kabla ya chakula kikuu, hasa siku ya kufunga: tumbo lililokaa njaa mchana kutwa likishiba ghafla, usingizi hauombi ruhusa. Weka pia karatasi na kalamu. Likija wazo la ada ya shule au la simu ya kumpigia mtu, liandike kwa maneno mawili uliache hapo. Kulifukuza kwa nguvu hulirudisha na wenzake.

Sacred Space ni ya Wajesuiti wa Ireland, nayo ilianza kama tovuti mwaka 1999, Jumatano ya Majivu. Hii ni ya kusoma, si ya kusikiliza. Inakupitisha katika hatua sita: kutambua uwepo wa Mungu, kuomba uhuru wa ndani, kujiangalia ulivyo wakati huo, kusoma Neno, kuzungumza na Yesu, na kuhitimisha. Mwongozo wake ni wa dakika kama kumi, lakini hakuna anayekuhesabia, hivyo kila hatua inaweza kuchukua dakika moja au saba kadiri unavyohitaji. Kwa kipimo chetu cha ukimya, ndiyo inayoongoza. Na kwa kuwa ni maandishi, bando inalotumia ni dogo sana ukilinganisha na sauti.

Kinachoigharimu ni skrini. Ukiwa katika hatua ya tatu, umefumba macho, simu inazima. Unaiwasha, unaweka alama ya kidole, unaona saa, unaona betri, na umeshatoka kwenye sala. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuongeza muda wa skrini kabla haijazima, uufikishe dakika 10 kama simu inaruhusu, kisha upunguze mwanga hadi chini kabisa. Ya pili ndiyo bora. Hatua za mwanzo na za mwisho hufuata mtindo ule ule kila siku, hivyo zinakili kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja, mstari mmoja kwa kila hatua, na Neno lisome kwenye Misale. Baada ya siku tatu nne utakuwa unaisali Sacred Space simu ikiwa imezimwa kabisa. Kwetu hiyo ni sifa kubwa kwa waliotengeneza mpangilio wake, kwamba unaweza kuondoka kwenye programu na kubaki na sala.

Hallow ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote. Ilizinduliwa Marekani mwaka 2018, na Jumatano ya Majivu ya 2024 ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya programu za Apple nchini humo. Imetengenezwa vizuri sana. Unachagua sauti ya kukuongoza, urefu wa kipindi na muziki wa nyuma, na kila Kwaresima huwa na mpango maalumu wa siku 40 unaofuatwa na watu wengi kwa pamoja. Anayeanza kabisa, asiyejua hata akae vipi, anashikwa mkono vizuri hapa.

Lakini kwa utulivu inashika nafasi ya tatu. Ina arifa za kukukumbusha, ina hesabu ya siku ulizosali mfululizo, na kila ukimaliza kitu kimoja kingine kinakusubiri. Hesabu ya mfululizo ndiyo inayotusumbua zaidi. Ifikapo juma la tatu mtu anaanza kusali ili namba isikatike, na akikosa siku moja anajiona amepoteza Kwaresima yote. Ukiitumia, zima arifa zote isipokuwa moja ya saa yako ya sala, na hesabu hiyo usiitazame. Bei ya Marekani imekuwa dola 9.99 kwa mwezi au dola 69.99 kwa mwaka, na ipo sehemu ya bure. Ukiingia kwa kipindi cha majaribio kwa kadi ya benki, sitisha usajili mapema kupitia duka la programu lenyewe, kwa sababu kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Kwa mtu ambaye mshahara wake unahesabiwa mpaka shilingi ya mwisho, hatuoni sababu ya kulipa wakati mbili za Wajesuiti ni bure.

Ushauri wetu wa matumizi, kwa Kwaresima ya 2027 inayoanza Jumatano ya Majivu tarehe 10 Februari, ni huu. Siku nne za kwanza na juma la kwanza, sikiliza Pray As You Go kama ilivyo ili mwili uzoee saa na kiti. Juma la pili, weka vituo vile viwili vya ukimya, dakika mbili kila kimoja. Usianze na dakika kumi. Asiyezoea ataziona ndefu, atachoka, na siku ya nne hataamka. Juma la tatu na la nne, panda hadi dakika tano kila kituo, na kipindi kizima kitakaribia dakika 23. Hapo ndipo ukavu huja: hakuna hisia, hakuna neno linalogusa, na kishawishi ni kutafuta programu nyingine. Usibadilishe. Baki kwenye kiti mpaka kipima muda kilie, hata kama hukusema lolote. Juma la tano, hamia kwenye kadi ya Sacred Space na Misale, sauti ikae kimya. Juma Kuu, kuanzia Alhamisi Kuu tarehe 25 Machi, zifunge zote. Liturujia ya parokia, kuabudu usiku wa Alhamisi na Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu vina ukimya wa kutosha, na unausali pamoja na wengine. Ijumaa zote za Kwaresima vilevile, kama parokia ina Njia ya Msalaba jioni, nenda huko, na rekodi ya siku hiyo unaweza kuiruka bila kujilaumu.

Mwenye kitochi hajaachwa. Pray As You Go inapatikana pia kama podikasti, na mafaili yake ya MP3 yanaweza kuhamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu na mtu yeyote mwenye kompyuta. Kadi ya GB 1 inabeba Kwaresima nzima na nafasi inabaki. Yape mafaili majina ya tarehe, ukianza na mwezi kisha siku, kama 02-10, ili kitochi kiyapange kwa mfululizo. Na laini ya simu itoe kabla ya kukaa, kwani vitochi vingi havina hali ya ndegeni.