Vali ya urembo: mifuko yangu ya kahawa iliyochapishwa Dar

Nilipoipokea ningetoa nyota nne. Sasa natoa moja, na hiyo moja ni ya rangi.

Mchapaji ni kiwanda cha vifungashio Dar es Salaam, jina nalihifadhi. Kazi: mifuko 1,000 ya gramu 250, ya kusimama, ina zipu, ndani foili ya alumini, nje dizaini ya kahawa yetu ya Kilimanjaro. Na vali. Hiyo vali ndiyo inayonifanya niandike.

Kahawa ikishakaangwa hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, nyingi katika siku moja au mbili za mwanzo, iliyobaki polepole kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mfuko huwekewa vali, kitufe cha plastiki kinachochomelewa upande wa ndani. Kina kijimpira kinachoinuka gesi ikisukuma kutoka, kisha kinalala ili hewa ya nje isiingie. Ila ngozi ya mfuko lazima itobolewe vitundu vidogo mahali hapo hapo. Bila vitundu, gesi inapenya vali yote na kukuta ukuta.

Mifuko yangu haikutobolewa. Kiduara kimetuna vizuri, ukikitazama unasema hii kahawa ya kwenda Ulaya, kumbe ni kifungo kilichoshonwa pasipo na tundu lake! Siku ya pili mifuko ikavimba kama mito. Baada ya hapo sili za juu zikaanza kuachia moja moja, rafuni, mbele ya wanunuzi.

Nikaupeleka mmoja kaunta. Dada wa pale hakuugusa hata kwa kidole. "Kaka, kahawa yako haijakauka. Mbona wengine hawalalamiki?" Kahawa iliyotoka kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 200 haijakauka! Hao wengine, nadhani, wanajaza kahawa ya kusaga iliyokwisha kukaa, maana ikisagwa gesi huondoka haraka. Nilipomwonyesha kuwa hakuna tundu, akajibu kwamba vali wateja wanaipendea muonekano, na kutoboa ni gharama nyingine. Kwa kila mfuko.

Basi usipokee mzigo kabla ya kupima. Chukua mfuko mtupu, uujaze hewa, uusili, uzamishe kwenye beseni la maji, kisha ukandamize taratibu. Mapovu yatoke kwenye vali tu. Yasipotoka, vali imeziba au haina vitundu. Yakitoka pembeni, sili haikushika. Pima mifuko kumi kutoka maboksi tofauti, si ule mmoja wa juu waliokuchagulia. Na kama unauza ya kusaga, uliza kama vali ina kichujio ndani, la sivyo unga utaikaba.

Mifuko iliyobaki niliitoboa kwa sindano, kutokea nje, sindano imezungushiwa utepe hadi ibaki ncha ya milimita moja. Ukizidisha unatoboa kijimpira, na hapo una tundu la kuingiza hewa, heri ungeacha ivimbe. Niliharibu mingi hivyo.

Haki yao niwape, kwa sababu uchapaji ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Dizaina wao alikataa faili yenye rangi za skrini, akaibadili kuwa rangi nne za uchapaji kabla sijaona ile kijani ikigeuka tope. Maandishi madogo aliyaweka kwa wino mweusi mmoja, si mchanganyiko wa nne, ndiyo maana hayana kivuli. Barkodi, ile inayoanza na 620, nilitaka iwe kahawia juu ya kaki ili ipendeze. Akagoma: nyeusi juu ya nyeupe, na nafasi tupu kila upande, la sivyo mashine ya dukani haisomi. Akaacha pia dirisha lisilong'aa la kugonga tarehe ya kukaangwa na ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa kwenye plastiki inayong'aa wino wa muhuri unafutika kwa kidole. Mtu wa namna hiyo anafanyaje kazi jengo moja na yule wa kaunta?

Kwa huyo dizaina nasema nyota tatu. Halafu nakumbuka "haijakauka", narudi kwenye moja, tena ya huruma.

Lebo za stika nitaendelea kuchapa kwao, na nitazibandika kwenye mifuko mitupu ya muuzaji mwingine, niliyokwisha kuipima majini. Mifuko yao, thubutu. Labda wakinitobolea bure mbele ya macho yangu, na beseni nakuja nalo mwenyewe.