Tangi la choo "lisilojaa", mtaa wa Langoni, Lamu: kazi nzuri, maneno ya muuzaji yapunguzwe

Walioniuzia tangi hili walisema halijai milele. Naanza na hilo kwa sababu kazi yao naisifu, na sitaki mtu awaite kwa kuamini maneno hayo. Bakteria hula uchafu, ni kweli, na tope hupungua sana. Lakini mchanga wa miguuni, nywele na vitambaa wageni wanavyotupa chooni haviliwi na mdudu yeyote. Tope litajaa polepole, ila litajaa.

Nina nyumba ndogo ya wageni ndani ya kichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Lori la kunyonya choo huku halina njia. Shimo likijaa, hutapishwa kwa ndoo, usiku, na mtaa mzima hujua ni kwa nani. Shimo letu la zamani lilichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo unapitisha maji kama kifumbu. Kisima kiko ua huo huo. Wataalamu hutaka mita 30 baina ya choo na kisima. Hapa Langoni ukipima mita 30 umeshavuka nyumba za majirani pamoja na visima vyao! Kwa hiyo kisichovuja ndicho nilichokitaka, harufu baadaye.

Na hapo mafundi walinipendeza. Tangi ni la simiti, vyumba viwili: kizito kinatuama cha kwanza, maji yanavuka kwenda cha pili, kisha yanaingia kitanda cha kokoto kilichosakafiwa chini, chenye matete na migomba. Kabla ya kufunika walilijaza maji, wakatia alama ya chaki ukutani, wakaliacha hadi asubuhi. "Mama, yakishuka chini ya alama hii tunapiga lipu upya." Hayakushuka. Bomba la hewa wamelipandisha juu ya dari na kulifunga wavu wa mbu. Maji ya jikoni waliyakataa mpaka nikubali mtego wa mafuta, yaani kisanduku cha kunasa mafuta kabla maji hayajafika tangini, na msichana wa usafi wakamkataza kumwaga jiki chooni, maana inaua bakteria wenyewe. Mwanzoni kulinuka kidogo, sasa hakunuki.

Kisima sikinywi hata hivyo, ni cha kufulia. Maji ya kunywa mjini yanatoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na majengo yanavyozidi kuvisogelea vilima hivyo, ningependa wenye hoteli za huko nao wajaribiwe kwa chaki.

Malalamiko yangu: hesabu waliyonipa haikuwa na punda. Simiti, mchanga, kokoto, vyote vilishushwa gatini na vikabebwa kwa mgongo, nikalipa mimi. Fundi wa kutoka Mombasa hufikiri gari litafika mlangoni.

La pili ni hilo tope. Nilipouliza litatolewa vipi, jibu lilikuwa "hiyo ni miaka mingi, mama." Nikazuia salio. Ndipo walipoweka mfuniko mpana na bomba linalofika sakafuni, la kufungia pampu ya mkono, tope liingie madumu yenye vifuniko. Nawapa nyota nne. Ukiwaita, mfuniko na bomba hilo viwe kwenye mchoro kabla hujatoa shilingi, na nauli ya punda iandikwe.