Kola laini ya shingo (ya sponji): nyota 3 kati ya 5

Kola yenyewe iko poa. Sponji haikwaruzi kidevu, kitambaa cha juu kinavuliwa unafua, velkro inashika ila nywele za kisogoni inazing'ang'ania balaa. Kwenye gari barabara mbovu ndo utaipenda, ule mshtuko wa kutoka shingoni kupita begani hadi vidoleni unapungua kweli. Usiku mi siivai, joto.

Ila usinunue ukidhani ndo dawa. Maumivu ya kuanzia shingoni yakashuka mkononi mara nyingi mkono hauna kosa, ni mzizi wa neva umebanwa pale unapotokea kwenye pingili za shingo, labda diski (kile kimto kati ya pingili) imetokeza au mfupa umeota kidogo ukaziba njia, afu mtu unachua mkono na mafuta weee hadi ngozi inaisha. Ganzi nayo inasaidia kujua wapi, kidole gumba na cha shahada mara nyingi ni neva ya 6 ya shingo, cha kati ya 7, kidole cha mwisho ya 8. Mtu wa fizio alinilaza kichwa nyuma kidogo, akakigeuzia upande unaouma akakikandamiza taratibu, umeme ukashuka mpaka kidole cha kati, hapo akajua (msijaribu wenyewe nyumbani tafadhali). Na kama ukiweka kiganja juu ya kichwa unapata nafuu, basi yawezekana ni hiyohiyo.

Sasa kola kazi yake ni kupumzisha shingo zile siku mbaya za mwanzo, basi. Ukiizoea muda mrefu misuli inalegea na shingo inakakamaa, na kwenye boksi hawajaandika hilo hata mstari mmoja, nyota ya kwanza imeondokea hapo. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa au miezi bila kupasuliwa, kwa mazoezi na dawa za maumivu.

Ukiona mkono unakosa nguvu, vifungo vya shati vinakushinda, miguu inayumba au mkojo unatoka bila taarifa, achana na kola kimbia hospitali. Mkono wa kushoto kuuma na kifua kubana pia usisubiri, huenda ni moyo.

Nyota ya pili nimekata kwa saizi, midiamu yao ni ndogo, pima mzunguko wa shingo kwanza, na ikikusukuma kidevu juu irudishe.