Logitech G305: "haichelewi?" na maswali mengine mnayoniuliza kabla ya kununua

Kila anayeikuta hii mausi yangu ya gemu, Logitech G305, mezani kwangu swali ni lile lile, "kaka hii haina waya, si inachelewa?" na mi naelewa linakotoka, maana zamani nilinunua mausi moja ya bei chee isiyo na waya, mshale unaganda, halafu unaibukia upande wa pili wa skrini na we ushakufa kwenye gemu, nikaapa sirudi tena huko. Nimerudi kwa sababu ya hii G305 na sasa hivi waya hata sitaki kuusikia.

Haichelewi jamani. Inatuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1 kompyuta inajua mkono wako uko wapi. Sasa angalia ping yako, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, nayo inapimwa kwa milisekunde hizo hizo, we uko Dar unacheza gemu ya Counter-Strike 2 seva iko Johannesburg au Dubai, hapo unasoma namba kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo 1, halafu ukipigwa unalaumu mausi! Ping haitoki kwenye mausi, inatoka kwenye intaneti, hilo naomba tuelewane.

Kitu kinachoweza kukuharibia kweli ni mahali ulipochomeka risiva, kile kidude cha USB kinachopokea taarifa za mausi. Inatumia masafa ya 2.4 GHz, na tundu za USB 3.0 zenyewe zinatoa kelele kwenye masafa hayo hayo, hasa ukiwa umechomeka flashi au hadi diski ya nje pembeni yake, na ukiichomeka nyuma ya kompyuta ya mezani ndo unaizibia kabisa na bati la kasha. Ndani ya boksi kuna kawaya ka kurefushia, watu wengi wanakaacha humo humo hawajui ka nini. Katoe, chomeka risiva huko, ilete mezani karibu na pedi. Kuna dogo jirani yangu alikuja analalamika mshale unakwamakwama anataka kuirudisha dukani, tukasogeza risiva tu, yakaisha.

Betri. Hii haichajiwi, haina hata tundu la kuchajia, inakula betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Wengine hapo ndo wanaghairi, mi naona ndo uzuri wake, maana ikiisha unaenda duka la mtaani unarudi unaendelea, hamna cha kusubiri chaji wakati wenzako wako kwenye mechi. Kampuni inasema masaa 250, ukicheza masaa manne kwa siku hiyo ni kama miezi miwili, ila usiweke zile betri nyepesi za bei rahisi ukategemea masaa hayo, weka alkalaini. Mi nina mbili za kuchaji, moja ndani moja akiba, zinafanya kazi vizuri ila G HUB, programu ya Logitech ya kuiseti mausi kwenye kompyuta, inaonyesha asilimia ndogo kuliko uhalisia kwa sababu hizo zina volti 1.2 badala ya 1.5, usishtuke.

Uzito ni gramu 99 na betri yake, na hapa nasema ukweli, kwa sasa hiyo ni nzito. Mausi nyingine ya Logitech, G Pro X Superlight ya 2020, haifiki hata 64, ila bei yake nayo ni habari nyingine kabisa. Ukiweka betri ya AA ya lithiamu unapunguza gramu kama 8 hivi, na unazisikia mkononi, maana uzito wote umekaa nyuma kwenye betri. Mkono mdogo na wa kati inakaa vizuri, ina urefu wa kama sentimita 11.7, ila kama una mkono mkubwa na unapenda kulaza kiganja chote juu utaichoka mapema, kaishike kwanza dukani. Mashoto pia mjue, umbo liko sawa pande zote ila vitufe vya pembeni viko kushoto tu, vya dole gumba la mkono wa kulia.

DPI, yaani mshale unakimbia kiasi gani ukisogeza mkono, inafika 12,000, nani anazitumia sijawahi kumuona, mi niko 800 na wachezaji wengi wa gemu za bunduki wako 400 mpaka 1600, kwa hiyo usiongeze hela mahali kisa namba kubwa. Unaiseti mara moja na G HUB halafu inabaki ndani ya mausi yenyewe, unaenda nayo kwa mshkaji unachomeka iko vile vile. Taa za rangi hamna.

Dukani ukikuta imeandikwa G304 usiseme ni feki, ni hii hii, ndo jina lake kwa soko la Asia. Bei ilipotoka 2018 Marekani ilikuwa dola 60 na siku hizi huko inauzwa chini ya hapo mara nyingi, kwa hiyo ukitajiwa bei ya kutisha we ondoka. Na ukinunua ya mkononi, kabla hujatoa hela vua mfuniko wa juu uone risiva ipo, inakaa humo ndani na betri. Bluetooth haina, na vile virisiva vya mausi za kawaida za ofisi havikubali hapa hata kama ni vya kampuni hiyo hiyo. Muuzaji akikwambia "risiva iko nyumbani ntakuletea kesho", basi na hela yako impelekee kesho.