Kliniki iliyotuambia kipi kilitangulia: vali au msuli

Mama alikuwa na majibu ya eko, kipimo cha picha ya moyo, kutoka hospitali nyingine, mstari mmoja tu: vali ya mitral inavuja, yaani mlango wa damu kati ya chemba mbili za kushoto za moyo haufungi vizuri. Tuliishi na mstari huo miezi mitatu. Mimi nilishajiandaa kwa upasuaji, maana mlango ukiharibika hutengenezwa mlango.

Hapa walirudia kipimo. Dada wa mashine alimlaza mama ubavu wa kushoto, akampaka jeli, kisha akaigeuza skrini nami nione. Hakuharakisha hata kidogo. Vipande viwili vya vali vilikuwa vyembamba, vinapepea vizuri, ila havikutani. Kila moyo ukibana, damu ilirudi juu kupitia pengo lile, rangi zikiruka kama ulimi wa moto.

Daktari bingwa akatueleza. Chemba ya chini ya kushoto imetanuka na msuli wake umechoka. Nguvu ya kusukuma, yaani sehemu ya damu ya chemba hiyo inayotoka kila pigo, ni asilimia 32, wakati kawaida huanzia kama 55. Chemba ilipotanuka ilivuta nyuzi zinazoshikilia vali, ikapanua na pete yake. Kwa hiyo kwa mama ugonjwa ulianzia kwenye msuli, vali ikafuata, na dawa za msuli ndizo zinatangulia. Msuli ukipata nafuu, uvujaji nao unaweza kupungua.

Nikauliza, na kinyume chake? Hapo ndipo aliponifungua macho. Vali ikiharibika yenyewe, tuseme kwa homa ya rumatiki, moyo hubeba damu ya ziada miaka na miaka hadi msuli unalegea. Huyo hutengenezewa vali, tena mapema. Na asilimia yake inaweza kudanganya, kwa sababu sehemu ya damu inayohesabiwa kuwa imesukumwa inarudi nyuma. Ndiyo maana kwake hata 60 ni ya kushtukia.

Kasoro zipo. Tuliambiwa saa tatu asubuhi, tukaingia saa sita, na mgonjwa anayepumua kwa shida hapaswi kukalishwa kwenye benchi muda wote huo. Maelezo haya mazuri pia hayamo kwenye ripoti iliyochapwa. Niliyaandika mwenyewe nyuma ya karatasi, daktari akanisubiri nimalize. Ukienda, beba kalamu, na uulize waziwazi kipi kilianza.

Nawapa nyota nne. Eko ya marudio ni baada ya miezi mitatu ya dawa, na nimeomba tupangiwe dada yuleyule wa mashine.